Kuchagua kayaki ya kuvulia baharini, ya kwenda peke yako na ya kwenda na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali linaloanza huwa moja: kayaki ipi ni nzuri? Nami hujibu kwa swali jingine. Katika siku 10 utakazoingia baharini, ni ngapi utakuwa peke yako? Jibu kwa hesabu ya maisha yako yalivyo sasa, usijibu kwa picha uliyoiona ya familia nzima ikitabasamu juu ya maji matulivu. Karibu kila jibu lililo hapa chini linategemea hesabu hiyo.

Je, kayaki moja inaweza kutosha kwa safari za peke yangu na za familia?

Inaweza, ila lazima upande mmoja uumie. Kayaki nyingi za viti viwili zina urefu wa mita 3.7 hadi 4.5 na uzito wa kilo 30 hadi 45 kabla hujaweka hata ndoana. Ukiwa na mwenzako, huo si mzigo. Ukiwa peke yako, ni lazima uuburute mchangani, uupige makafi na kuurudisha wewe mwenyewe.

Majini kuna tatizo la pili. Ukikaa kiti cha nyuma na cha mbele kikiwa kitupu, tezi (nyuma ya chombo) inazama na omo (mbele) inanyanyuka. Upepo wa ubavuni unaikamata omo hiyo kama tanga, na chombo kinageuka kila unapokinyoosha. Utajikuta unapiga kafi upande mmoja saa nzima. Kwa hiyo ukitaka chombo kimoja kwa kazi zote mbili, tafuta chenye nafasi ya kiti cha tatu katikati, au ambacho viti vyake vinahamishika, ili ukiwa peke yako ukae kitovuni. Kama umeshanunua kisichohamishika, funga dumu la maji la lita 20 karibu na omo. Maji ni uzito unaofaa kuliko mawe, kwa sababu dumu likidondoka haliendi chini kama nanga, na ukifika ufukweni unalimwaga.

Mimi niliangukia mtego huu. Nilinunua ya viti viwili kwa ajili ya familia, na kwa muda mrefu abiria wa kiti cha mbele alikuwa ndoo ya chambo. Siku saba au zaidi kati ya kumi zikiwa za peke yako, nunua ya mtu mmoja, na siku za familia azima au kodi ya pili. Zikiwa nusu kwa nusu, kayaki mbili za mtu mmoja mmoja zinafaa kuliko moja ya wawili, mradi wote wawili wanajua kupiga kafi. Mmoja akipata shida, wa pili bado ana chombo.

Ya kukalia juu au ya kuingiza miguu ndani?

Kwa uvuvi wa baharini, hasa ukiwa na watoto, ya kukalia juu. Kayaki za asili za Wainuit, wenyeji wa Aktiki, zilikuwa za kuingia ndani na zilitengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe, fremu ikavikwa ngozi ya sili. Zilikuwa vyombo vya mwindaji mmoja kwenye maji ya baridi kali, na alijua kujiinua tena akipinduka bila kutoka ndani. Mvuvi wa wikiendi hana ujuzi huo. Kayaki ya kuingia ndani ikijaa maji ni vigumu kuyatoa ukiwa katikati ya mawimbi.

Ya kukalia juu ni gamba lililozibwa pande zote, lenye matundu yanayopita kutoka sakafuni hadi chini ya chombo. Wimbi likikumwagikia, maji yanatoka yenyewe kwa matundu hayo. Hasara zake ni mbili: utalowa, na unakaa juu kidogo kwa hiyo upepo unakupata. Mahali ambapo maji ni ya baridi, kulowa si jambo dogo. Vaa nguo za kukinga baridi kulingana na joto la maji, usitazame jua.

Nikipinduka nitarudije juu?

Swali hili ndilo lingepaswa kuulizwa kwanza, na ndilo linaloulizwa mwisho. Watu hulinganisha idadi ya vishikio vya fimbo, halafu hawajui kama wanaweza kupanda tena chombo chao wakiwa ndani ya maji ambayo miguu haifiki chini.

Namna yake ni hii. Kwanza kigeuze chombo kikae sawa: shika ukingo wa mbali kwa mkono au kwa kamba uliyoifunga mapema, weka magoti kwenye ukingo wa karibu, ujiegemeze nyuma kwa uzito wako. Kisha kaa ubavuni, katikati. Acha miguu ielee nyuma yako, piga miguu kama unaogelea, na ujivute kifudifudi juu ya chombo mpaka kitovu kiwe juu ya kiti. Usijaribu kupanda kama unayepanda ukuta. Ukiiacha miguu ining'inie chini ya chombo, utakivuta kikupindukie. Ukishakuwa kifudifudi, geuka ukae makalio kitini, mwisho uingize miguu.

Sasa angalia jinsi hilo linavyobadilisha uchaguzi. Chombo chenye upana wa sentimita 90 kinatulia sana, lakini kikipinduka kukigeuza ni kazi ya nguvu. Kiti kirefu cha fremu kinazuia tumbo lisipite. Fimbo nne zilizosimama nyuma yako zimegeuka kuwa uzio wenye ndoana. Kwenye kayaki ya wawili, mmoja apande huku mwenzake ameshika ukingo wa upande wa pili. Akiwepo mtoto, mtu mzima mmoja apande kwanza, wa pili amsukume mtoto kutoka majini, naye apande mwisho.

Kabla ya kununua, omba kufanya zoezi hili mara tatu ukiwa umevaa jaketi okozi, kwenye maji ya kina hatua chache kutoka ufukweni. Mara ya tatu ndiyo yenye maana, kwa sababu hapo umeshachoka. Ukishindwa, chombo hicho si chako hata kiwe na sifa gani.

Urefu na upana gani unafaa?

Kwa mtu mmoja baharini, mita 3.6 hadi 4.3 kwa urefu na sentimita 72 hadi 85 kwa upana. Fupi ya mita 3 ni rahisi kubeba na kugeuza, inafaa ghuba zilizotulia, lakini ni nzito kusukuma kwenye upepo wa mbele.

Urefu una faida kwa sababu chombo kinachoelea hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyokuwa kirefu majini ndivyo mwendo kinaoweza kufikia kabla ya kulemewa na wimbi hilo unavyoongezeka. Chombo chenye mita 3 majini hufikia ukomo huo kwenye kilomita 7.8 kwa saa hivi, chenye mita 4.5 kwenye kilomita 9.5. Usitarajie kufika huko. Mwendo wa kawaida wa mtu asiye mwanariadha ni kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Ila anayekwenda mbali na ukomo wa chombo chake anachoka polepole, na nguvu iliyobaki ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Kuhusu upana, usidanganywe na utulivu wa dukani. Chombo bapa na kipana hakitikisiki kwenye maji matulivu, ila hufuata mteremko wa maji: wimbi la ubavuni likiinuka, nacho kinalala nalo, na kikifika mwisho wake kinapinduka ghafla. Chenye chini ya mviringo au mgongo kidogo hutikisika unapokaa tu, kisha kikiinama kinapata mahali pa kujishikilia. Mgeni hukichukia siku ya kwanza. Mpe wiki mbili.

Uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye kayaki niuamini?

Uchukulie kama kikomo cha kuelea, si cha kuvua kwa raha. Watumiaji wengi wenye uzoefu hukaa ndani ya asilimia 70 hivi ya namba hiyo. Baba wa kilo 85, mama wa kilo 65, mtoto wa kilo 25 na vifaa vya kilo 20 ni kilo 195. Kwa kanuni hiyo unahitaji chombo kilichoandikwa karibu kilo 280, na kayaki nyingi za viti viwili hazifiki hapo. Yaani ile "ya watu wazima wawili na mtoto" mara nyingi ni ya watu wazima wawili wembamba wasiovua.

Dalili ya kuzidisha mzigo ni rahisi kuiona: maji yanapanda kupitia yale matundu na kubaki sakafuni miguuni pako. Watu huyaziba kwa vizibo wakafurahi kukaa pakavu. Hapo uzito haujapungua, ila sasa wimbi likiingia halina pa kutokea.

Makafi, pedeli au mota?

Makafi ni rahisi, mepesi, na hayaharibiki kwa urahisi. Kwa chombo kipana chenye kiti kirefu, kafi la sentimita 240 hadi 250 linafaa; kwa chembamba cha kiti cha chini, 220 hadi 230. Fupi likitumika kwenye chombo kipana, vidole vyako vitagonga ukingo siku nzima.

Pedeli zinaiachia mikono kazi ya kuvua, na hiyo ni tofauti kubwa kwa anayevua kwa kuburura mshipi nyuma ya chombo. Kampuni ya Hobie ilileta mfumo wa mapezi wa MirageDrive mwaka 1997, mapezi mawili yanayopepea chini ya chombo. Matoleo ya mwanzo hayakuweza kurudi nyuma. Mifumo mingine hutumia rafadha, yaani pangaboi, unayoizungusha kwa miguu kama baiskeli, nayo ikizungushwa kinyume chombo kinarudi nyuma. Samaki akikimbilia chini ya mwamba, kurudi nyuma bila kuachia fimbo ni neema.

Gharama yake ni uzito, mara nyingi jumla ya kilo 40 hadi 60, na kina. Kilicho chini ya chombo kinagonga matumbawe maji yakipwa, na kwenye mawimbi yanayovunjika ufukweni ni lazima ukiinue kabla. Chukua kafi hata ukiwa na pedeli. Pini ya chuma ikikatika, miguu haina kazi tena.

Mota ya umeme naiweka mwisho. Mota ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55 hula takriban ampea 50 ikiwa kasi kamili, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inaisha kwa saa mbili hivi. Mahali pengi chombo kikifungwa mota huhesabiwa kuwa cha injini na huhitaji kusajiliwa. Ukiweka mota, panga safari kwa umbali ambao mikono yako inaweza kuurudia.

Mtoto aanze lini, na akae wapi?

Sina umri wa kukupa. Awe anaweza kuelea ametulia ndani ya jaketi lake, anafuata maagizo mara ya kwanza anapoambiwa, na amewahi kuangushwa majini kwa makusudi karibu na ufukwe akacheka. Mtoto aliyepinduka mara ya kwanza mbali na nchi kavu hushika shingo ya mzazi, na hapo wote wawili wako matatani.

Mdogo akae katikati au mbele, mahali unapomwona. Asikae nyuma yako. Asifungwe kwenye chombo kwa mkanda au kamba yoyote. Siku ya kwenda na watoto, chukua mshipi mmoja tu na ndoana zilizosagwa vinembe (vile vimiba vya kuzuia ndoana isichomoke), na ukubali kwamba uvuvi utadumu dakika 40. Baada ya hapo ni maswali, kiu na jua.

Jaketi okozi la aina gani?

Tazama namba ya nguvu ya kuelea. Kwa viwango vya kimataifa vya ISO 12402, daraja la newtoni 50 ni la anayejua kuogelea na msaada uko karibu. Halijaundwa kukugeuza uso juu ukizimia. Daraja la 100 na kuendelea limeundwa kwa kazi hiyo. Watu wazima wa kayaki wengi huvaa la 50 kwa sababu limekatwa mabegani na haliwabani wakipiga kafi. Mtoto mvalishe la 100, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu na kishikio shingoni. Livae, kisha mtu alivute juu kwa mabega: likifika masikioni, ni kubwa.

Kwenye jaketi hilo hilo weka filimbi, kisu kifupi cha kukatia mshipi, na redio ya VHF (redio ya mawasiliano ya baharini) isiyoingia maji. Chaneli 16 ndiyo ya kimataifa ya dharura. Redio iliyofungwa kwenye chombo inaondoka na chombo.

Vitu vifungwe kwa kamba?

Vyote: fimbo, kafi, boksi la vifaa. Kuhusu kujifunga wewe mwenyewe kwenye kayaki, wazoefu hubishana. Katika bahari ya wazi yenye upepo, kayaki tupu hupeperushwa haraka kuliko unavyoogelea, na kamba inakuokoa. Kwenye mawimbi yanayovunjika, kamba hiyo hiyo inakuunganisha na gogo la kilo 35 linalobiringishwa. Mimi nashika kafi, na kafi ndilo limefungwa kwenye chombo. Nikikaribia ufukwe nalifungua.

Nanga je?

Usiifunge ubavuni kamwe. Mkondo ukivuta kamba, ukingo unazama na unapinduka ukiwa umekaa kitini. Kamba ipite omo au tezi kwa kijipuli (kigurudumu cha kamba) cha kuihamishia, na iwe na boya, ili meli ikija au samaki mkubwa akikamata uiachie yote na urudi kuichukua. Pale ambapo kina ni kirefu, mwavuli wa majini wa kupunguza kupeperuka unafaa kuliko nanga.

Kayaki ya kujaza upepo inafaa?

Kwa anayeishi ghorofani bila mahali pa kuweka, ndiyo, ikiwa ya vyumba kadhaa vya hewa na sakafu ngumu. Ni nyepesi, na upepo unaipenda mno. Miiba ya samaki ndiyo adui yake kuliko ndoana, kwa sababu ndoana unaikumbuka.

Rangi ina maana yoyote?

Machungwa, njano au nyekundu. Buluu, kijani na ile ya kijivu inayopendeza kwenye picha hazionekani na nahodha wa boti iendayo kasi. Samaki hajali.

Hali gani ya bahari nisitoke?

Ukiona vilele vyeupe vingi vya mawimbi, upepo uko karibu kilomita 20 kwa saa au zaidi. Kwa safari ya familia huo ni mwisho. Peke yako inategemea uzoefu, ila anayeanza abaki nchi kavu.

Upepo unaodanganya ni ule unaovuma kutoka bara kwenda baharini. Karibu na ufukwe maji yanakuwa laini kama kioo kwa sababu mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Unateleza nje bila jasho, unasifu chombo chako, na ukigeuka ndipo unakutana na upepo wote usoni. Anza safari yako kwa kwenda joshi, upepo ukiwa mbele, ukiwa na nguvu zako. Angalia pia ratiba ya kujaa na kupwa: mkondo wa maji ukienda kinyume na upepo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, na siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) mikondo ina nguvu zaidi.

Nitaibebaje hadi majini?

Kwa toroli ya magurudumu mawili. Mchanga laini unahitaji matairi manene ya upepo mdogo, membamba yanazama. Chagua toroli inayobeba chombo kwa mikanda chini ya tumbo. Zile za kuingiza nguzo kwenye matundu hupasua matundu hayo chombo kikiwa na mzigo. Kisha jaribu kuipandisha kayaki juu ya gari peke yako, jioni, ukiwa umechoka. Nimeona kayaki nzuri sana zikigeuka mahali pa kuanikia nguo kwa sababu ya hatua hii moja.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Ipindue. Angalia mkuku (uti wa chini wa chombo) upande wa nyuma karibu na tezi, ambako watu huburuta. Ukibonyeza kwa kidole gumba na plastiki inaingia, imekonda. Pitisha kidole ndani ya kila tundu la kutolea maji ukitafuta ufa, kisha mpira wa mifuniko. Plastiki ya polithini inaweza kuchomelewa, lakini ufa ndani ya tundu ni mgumu kuufikia.

Kipimo cha uhakika: fungua mfuniko, mimina ndoo mbili za maji ndani ya gamba, funga, kisha kiinue upande mmoja na mwingine ukitazama maji yanatokea wapi. Uvujaji ni hatari kuliko unavyoonekana, kwa kuwa maji yaliyo ndani hayatulii. Chombo kikiinama yanakimbilia upande huo huo na kukisaidia kupinduka. Mwenye kayaki akikataa jaribio la ndoo, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Niihifadhije?

Kivulini, ikilala ubavu au kifudifudi, ikishikwa na mikanda mipana sehemu mbili. Ukiiacha juani imelala kwa tumbo juu ya vyuma viwili, plastiki inabonyea pale pale. Bonyeo dogo mara nyingi hurudi lenyewe ukiianika juani huku sehemu hiyo haibebi uzito. Fungua mifuniko kidogo ili hewa ipite, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi hasa reli, skrubu na mfumo wa pedeli, maana chumvi huanza kula huko.